Alipunguza Mwendo, Nami Nikapunguza

Nina miaka ishirini na saba. Nina shahada ambayo mpaka leo haijanipa ajira ya kudumu, nina cheti cha ndoa, na nina chumba kimoja nyumbani kwa wazazi wangu, Singida, ambako nimerudi kulala kwenye kitanda changu cha usichana. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kubishana na nafsi yangu peke yangu... Labda ninyi mnaosoma mtanisaidia kuubeba mkasa huu, au angalau hamtapita nilikopita mimi.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akiitikia salamu yangu kwa sauti ya chini, nitashinda siku nzima najiuliza nimemkosea nini. Chuoni wenzangu walikuwa wakinitania, "Huyu ukimuuliza jina lake anaomba muda wa kujiandaa!" Nilicheka nao. Nilidhani ni tabia ya kuchekesha tu, kama mtu anayekoroma.

Kyela nilikwenda kujitolea kwenye kikundi kidogo cha vijana walioshughulika na afya ya vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Hapo ndipo nilipokutana na Lusajo. Alikuwa mratibu wetu. Mchangamfu, mwenye maneno, mtu ambaye akiingia chumbani hata viti vinakaa sawa. Mimi niliyekuwa naogopa hata kuagiza chai kwa sauti, nilimpenda kwa sababu hakuwa anaogopa chochote. Ndivyo nilivyodhani.

Tulioana. Tukapanga nyumba Kyela mjini, na mwisho wa wiki tukawa tunakwenda kwao Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga na kokoa.

Huko ndiko nilikokutana na jambo ambalo sikulisoma chuo chochote.

Kwetu Singida baba mkwe unamsalimia kwa heshima, unamtengea maji ya kuoga, mnakaa sebule moja mkitazama taarifa ya habari. Kwa akina Lusajo si hivyo. Wanyakyusa wana desturi wanayoiita ukutila, yaani kumwogopa mkwe kwa heshima. Mkamwana, mke wa mtoto wao, hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Hakai naye chumba kimoja. Hata jina lake halitamki, na ndiyo maana hamtalisoma hapa. Familia nyingi za siku hizi zimelegeza au zimeacha kabisa. Ile ya Lusajo haikuacha.

Wifi yangu Atupele ndiye aliyenifundisha. Alinieleza huku akicheka, kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi nikiandika kila anachosema. "Wifi, huu si mtihani! Ukimsikia anakohoa uani, ingia jikoni. Basi."

Na mkikutana njiani? Hapo kulikuwa na utaratibu wao. Mzee alikuwa hatembei, alikuwa mtu wa baiskeli, baiskeli nzito ya chuma aliyoipaka mafuta kila jioni. Akiniona kwa mbali ananyoosha mkono juu. Maana yake: nimekuona mkamwana, kaa hapo hapo. Mimi nasogea pembeni, nampa mgongo, natazama migomba. Akishanipita anapiga kengele. Kri-kri! Maana yake: nimekwisha pita, endelea na safari yako.

Mtasema ni mambo ya ajabu. Mimi nilikuja kuyapenda! Kwa mtu kama mimi, ambaye kila mazungumzo yananitoa jasho, kupata mtu mmoja duniani ambaye kanuni za kukutana naye ziko wazi... ilikuwa ni pumziko.

Na yule mzee alinipenda. Alinipenda kwa kupitia ukutani. Nikiwa jikoni, yeye barazani, alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mwambieni mkamwana chai ya leo imenyooka!" Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Mama mkwe akiwa shambani, tulikuwa wawili tu nyumbani. Au, "Mwambieni mkamwana ndizi zilizoiva ziko nyuma ya mlango, asije akasema kwetu kuna njaa." Mimi nacheka kimyakimya na mwiko mkononi. Sikuwahi kumjibu hata mara moja. Lakini kila Jumapili nilimkaangia samaki namna anavyopenda, na nadhani alilielewa jibu langu.

Sasa nije kwenye safari yenyewe.

Ng'ambo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, kuna vijiji ambavyo gari halifiki. Mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa kujifungua, anapelekwa kwa mtumbwi, na ziwa likichafuka hapelekwi. Kikundi chetu kikaamua kuchangisha ili vijiji hivyo vipate boti ya injini ya kubebea wagonjwa. Lusajo akaja na wazo: msafara wa baiskeli! Kutoka Mbeya mjini, tulale Tukuyu, tushuke Kyela, tupite vijijini, tumalizie Matema kwenye mchanga. Watu watatuona, watasikia, watatoa.

Na kweli walitoa. Wapo waliotoa mpunga, kuku, mikungu ya ndizi. Mama mmoja aliniwekea papai kwenye keria, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, kana kwamba mimi ndiye niliyempa yeye.

Lusajo alitufundisha alama za msafara. Kengele moja, punguza. Kengele mbili, gari linakuja nyuma. Na mkono ulionyooshwa juu: nina tatizo, nasimama, aliye nyuma yangu asimame nami. "Hakuna mtu kuachwa," alisema. "Kila mmoja ana dhamana ya aliye mbele yake."

Siku ya mwisho, tulipotoka Kyela, mzee akajiunga nasi. Lusajo ndiye aliyemwomba. Alisema watu wa vijijini wakimwona mzee wao amepanda baiskeli kwa ajili ya wagonjwa, hakuna atakayebaki mikono mitupu. Mzee akaja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya pama. Vijana wakamshangilia.

"Mzee, baiskeli hiyo ni ya chuma au ni reli imekunjwa?" mmoja akamtania.

"Hii imembeba mama yako akienda kliniki na wewe tumboni," mzee akajibu. "Isalimie!"

Alipofundishwa ile alama ya mkono alicheka sana. Akasema kwa sauti, akiwa amenipa mgongo, "Mwambieni mkamwana hawa watoto wameiba alama yetu!"

Wote wakacheka. Nami nilicheka. Lakini mimi ni mimi... Papo hapo wazo likanichoma: je, akinyoosha mkono, nitajua ni alama ipi?

Nikamfuata Lusajo, nikamuuliza kwa kunong'ona. Akanipigapiga begani. "Mama, usianze. Baba anaongoza mbele kabisa. Wewe unafunga mkia. Hamtakutana hata kivuli."

Ilikuwa kweli kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Nilikuwa naendesha polepole, naogopa mashimo, naogopa malori, naogopa mbwa. Siku zilizotangulia nyuma yangu kulikuwa na gari dogo la mizigo lililobeba maji na spana. Ila siku hiyo Lusajo alilituma litangulie na spika, muziki uwe umeshawaka tukifika.

Tukaondoka. Jua la Kyela mnalijua? Haliwaki, linabonyeza. Barabara ilikuwa imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga, na joto linapanda kutoka kwenye maji kama mvuke wa sufuria.

Mwanzoni sikumwona mzee. Halafu nikaiona ile kofia ya pama. Ilikuwa katikati ya msafara. Vijana walikuwa wanampita mmoja mmoja, kila anayempita anamsalimia, naye anainua kidole kutoka kwenye usukani. Nikajiambia anawaachia vijana nafasi. Ni mzee muungwana.

Baada ya muda kofia ilikuwa karibu zaidi.

Halafu hapakuwa na mtu kati yangu na yeye.

Wasomaji wenzangu, hebu nisaidieni kuelewa nilichokifanya. Mkamwana hamfuati mkwe wake kwa karibu akimtazama mgongo. Basi nikapunguza mwendo ili nafasi kati yetu iwe ya heshima. Yeye akapunguza. Nami nikapunguza. Akapunguza tena. Nikapunguza tena! Wenzetu wakazidi kwenda, vizibao vyao vya njano vikawa vidogo, vikawa nukta, vikapotea kwenye kona. Tukabaki wawili barabarani, mzee na mkamwana wake, kila mmoja akienda taratibu zaidi ya mwenzake...

Nilifikiri anapunguza kwa sababu anaona aibu kunifanya nimfuate. Nilifikiri anasubiri nimpite. Lakini ningempitaje? Kumpita mkwe ni kumkata mbele! Nilifikiri kila kitu. Kitu pekee ambacho sikukifikiri ni kwamba mtu hupunguza mwendo kwa sababu ameishiwa nguvu.

Hapana. Niseme kweli. Nilikifikiri. Kilinijia kama sindano, na ndiyo maana nilisimama nikampigia Lusajo simu.

Alipokea akihema, nyuma yake muziki na vigelegele. Nikamwambia, "Baba amebaki nyuma kabisa, yuko mbele yangu, anakwenda polepole sana. Nimsogelee nimuulize?"

Akajibu, na maneno yake ninayo kichwani kama yalivyotoka: "Muache mzee aende mwendo wake! Usimsogelee, watu wakiona watasemaje? Ndio tunaingia kijijini hapa." Akakata.

Nikapanda tena baiskeli.

Mbele yangu mzee alishuka. Aliishika baiskeli kwa mkono mmoja, akasimama kando ya barabara penye mfereji. Hakugeuka. Akanyoosha mkono juu.

Nikasimama. Nikashuka. Nikampa mgongo.

Nilitazama mpunga. Ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Palikuwa na ndege wadogo wakirukaruka, na mbali kulikuwa na mtu anawafukuza kwa kupiga debe. Nilisimama nikisubiri kengele. Nilijiambia labda anajisaidia, ni mtu mzima, nimsubiri. Nikajiambia labda ni alama ile nyingine. Lakini kama ni ile nyingine angegeuka. Lakini hawezi kugeuka, mimi ni mkamwana! Lakini kama si ile nyingine, nikimkimbilia nikamkuta hajafunga suruali, nitaishi wapi mimi? Nitaangalia watu kwa macho gani?

Kengele haikulia.

Ule ukimya, wasomaji... Mpaka leo kuna wakati niko sokoni, watu wanapiga kelele, magari yanapita, na mimi nausikia ule ukimya wa kengele ambayo haikulia.

Nilipogeuka niliona baiskeli imelala. Kofia ilikuwa inaelea kwenye mfereji. Yeye alikuwa ameteleza ukingoni, nusu kwenye majani, nusu kwenye maji, mkono umeshika kifua.

Nilikimbia. Na nilipomfikia... Mungu anisamehe... nilisimama tena! Hatua chache kutoka kwake nilisimama, kwa sababu sikuwahi kumgusa na sikujua kama inaruhusiwa. Mwili wangu ulikataa. Ndipo alipotoa sauti ya mtu anayetafuta hewa, nikashuka mferejini, nikamvuta, nikakipakata kichwa chake mapajani.

Alikuwa hai. Alikuwa ananijua. Najua alinijua kwa sababu aligeuza uso wake. Taratibu, kwa shida, aliugeuza pembeni asinitazame.

Nilipiga kelele za kuita watu. Yule wa debe akaacha kupiga debe. Na katikati ya kelele zangu mzee alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na mtu wa tatu aliyesimama pale karibu:

"Mwambieni mkamwana... asihangaike."

Palikuwa hakuna mtu wa kuniambia. Tulikuwa wawili tu.

Kwa mara ya kwanza maishani nilimjibu. Nilimwambia, "Nimesikia, baba." Sijui kama alilisikia jibu hilo.

Mtu wa debe alisimamisha bodaboda. Tulimweka mzee katikati, mimi nikamshikilia kwa nyuma, kifua changu mgongoni kwake, mimi ambaye nilitakiwa nisikanyage hata kivuli chake. Tulipofika zahanati Lusajo alikuwa ametangulia, kuna aliyempigia. Muuguzi akauliza haraka haraka, mzee anatumia dawa gani?

Lusajo akajibu bila kusita. "Za moyo. Tulitoka naye Mbeya hospitali juzijuzi, walisema asifanye kazi nzito."

Alisema hivyo mbele yangu. Nilikuwa nimelowa matope hadi kiunoni, nimesimama mlangoni, na nikasikia kila neno. Za moyo. Asifanye kazi nzito... Alikuwa anajua! Alimpandisha baba yake baiskeli chini ya jua lile, akijua!

Mzee hakutoka zahanati akiwa hai.

Msiba uliwekwa Ngonga. Nilitegemea kulia na wenzangu, maana niliumia kuliko nilivyojua naweza. Lakini nilipoingia jikoni wanawake walinyamaza. Nilipochota unga, shangazi yake Lusajo, dada wa marehemu, aliushika mkono wangu. "Weka chini, msomi. Ulimwacha akafa, halafu ukamshika. Umemkosea mara mbili."

Mara mbili! Kama ningemkimbilia mapema, ningekuwa nimevunja heshima. Nilipochelewa, nimeua. Nilipomshika, nimevunja heshima na nimeua. Nilikaa nyuma ya banda la kuni nikiyapanga maneno hayo, nikiyapangua, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusimama nisiwe na kosa. Sikupaona.

Atupele peke yake ndiye aliyekuwa ananiletea chai. Mtu wa kucheka vile, hata yeye alikuwa ananiwekea kikombe chini na kuondoka bila kuniangalia.

Baada ya mazishi kikaitwa kikao cha ukoo. Baba mdogo wa Lusajo ndiye aliyeongoza. Wanaume wamekaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mimi peke yangu kwenye kigoda karibu na mlango. Niliambiwa nieleze. Nikaeleza yote: kupunguza mwendo, mkono, kengele. Nilipofika kwenye simu nilisema, "Nilimpigia mume wangu, akaniambia nisimsogelee."

Baba mdogo akamgeukia Lusajo. "Alikupigia?"

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa nasubiri kama mtu anayesubiri kuvutwa kutoka kisimani. Sikutaka aseme mengi. Nilitaka neno moja tu.

Lusajo akatazama mikono yake. "Kulikuwa na kelele nyingi, baba. Sikumbuki vizuri."

"Na kaka alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Baba alikuwa mzima."

Mzima! Muuguzi hakuwepo pale. Mtu wa debe hakuwepo. Simu yangu ilikuwa mfukoni na ilikuwa inaonyesha kwamba nilipiga, lakini ningeitoa vipi? Kumwita mume wako mwongo mbele ya ukoo wake, udongo wa kaburi la baba yake haujakauka? Nikaanza kuwaza. Nikawaza nianzeje, nitumie maneno gani, nisimame au nikae... Na nilipokuwa nawaza, baba mdogo alikuwa anafunga kikao.

Waliamua nirudi kwetu "kupumzika." Walisema kwa upole kabisa. Wifi alinisaidia kufunga mabegi. Lusajo alinisindikiza hadi kituo cha mabasi, akaninunulia maji na karanga kama mtu anayemsafirisha mgeni.

Kwenye dirisha la basi alinishika vidole. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaniambia, "Nisamehe. Wakijua nilijua, mimi si mtoto tena katika nyumba ile. Lako watalisahau, wewe si wa..." Hakumalizia. Basi liliondoka.

Wewe si wa... Nililimalizia mwenyewe njia nzima, Mbeya, Makambako, Iringa, Dodoma. Si wa damu. Si wa hapa. Si wa kuhesabiwa. Mpaka Singida nilikuwa nimeshaimaliza sentensi hiyo kwa namna zote, na hakuna hata namna moja iliyonifaa.

Ilipita miezi. Boti ilipatikana. Nilisikia redioni kwamba imeanza kubeba wagonjwa, na nilifurahi, nakuapieni nilifurahi, na papo hapo nikaizima redio. Lusajo alikuwa anapiga simu. Alikuwa anataka nirudi, mambo yamepoa, ila nikubali tu kuomba radhi kwa shangazi, nimpelekee kitenge, yaishe. Nilimwambia nitarudi siku atakayosema ukweli mbele ya mama yake. Alikuwa anasema mtandao unakatika.

Halafu siku moja mchana, nikiwa napepeta mchele, ikaingia namba nisiyoijua. Alikuwa mama mkwe. Hakuwahi kunipigia tangu msiba.

Tulisalimiana. Aliniuliza wazazi wangu hawajambo, akaniuliza mvua. Kisha akasema, "Mwanangu, nina neno. Mzee wangu alipokuwa pale... alisema kitu?"

Je, mnajua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza? Kikao kizima, msiba mzima! Hakuna aliyefikiri kwamba mkwe anaweza kufa akiwa anamsemesha mkamwana wake.

Nikamwambia. "Alisema, mwambieni mkamwana asihangaike."

Upande wa pili nilisikia sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio. "Ndiye yeye," akasema. "Ndiye yeye kabisa. Ukutani mpaka mwisho."

Tulilia pamoja, yeye Ngonga, mimi Singida, mchele umemwagika sakafuni. Moyo wangu ukaanza kufunguka. Nikawaza, huyu mama amenitafuta. Huyu ataniamini. Nami kwa mara ya kwanza sikupanga maneno, nikasema jinsi yalivyokuja: "Mama, Lusajo alijua baba anaumwa. Alijua, na alipokea simu yangu."

Nilisikia kuku wa uani kwake.

Kisha akasema, "Najua, mwanangu. Dawa za mzee nilimfungia mimi mwenyewe kwenye leso asubuhi ile, nikazitia kwenye mfuko wa shati. Na mimi nilikuwepo kikaoni."

Alikuwepo. Alikuwa kwenye mkeka, mbele yangu, mtandio umefunika mdomo. Alimsikia mwanawe anasema "baba alikuwa mzima," na alinyamaza.

"Nisingeweza kuzika mume na mtoto wiki moja," akasema. "Wewe una kwenu."

Hakuniambia nirudi. Aliniombea dua ndefu, akanitakia mume mwema, akakata simu.

Basi, nimekwisha waambia. Siishi tena na Lusajo. Wazazi wangu wanashughulikia tutengane kwa amani, na nimeridhia. Sijawaandikia ili mumchukie. Wala sijawaandikia ili mseme desturi za watu ni mbaya. Ile heshima ilinipa baba ambaye alinipenda bila kunitazama, na ningemkaangia samaki mpaka uzee wangu. Sikuponzwa na heshima. Niliponzwa na watu waliojificha ndani yake, nami nikiwa mmojawapo. Mzee alikuwa mbele yangu, pumzi moja ya kupaza sauti ingetosha, nami nilisimama naulizana na kichwa changu...

Usiku mwingine ninaiona tena ile barabara. Kofia ya pama iko mbele, joto linapanda kutoka kwenye mpunga. Yeye anapunguza, nami napunguza. Nataka kukanyaga pedali, miguu haitaki. Ninaamka nimeshika shuka kama usukani, na moja kwa moja naanza kujiuliza: aligeuza uso kwa heshima, au aligeuza kwa kunikataa? Alisema nisihangaike kwa kunisamehe, au kwa sababu alijua nitahangaika maisha yangu yote? Hakuna wa kunijibu. Aliyekuwa na jibu yuko chini ya mgomba Ngonga, nami siruhusiwi hata kwenda kupalilia.

Ninawasihi, hasa ninyi mlioolewa ugenini, ninyi wenye vichwa vinavyokimbia kama changu. Mtu wenu akipunguza mwendo mbele yenu, msipunguze na ninyi. Msimpigie mwingine kuomba ruhusa. Msisubiri alama. Kanyageni, mfikieni, mwulizeni kwa mdomo: "Baba, vipi?"

Akiwa mzima atakasirika, nanyi mtaona aibu hadi jioni. Aibu ya hadi jioni! Ningetoa shahada yangu, na ndoa yangu, na miaka yangu yote iliyobaki, kuipata aibu hiyo.